Damu Haiongezwi kwa Rangi

Mwambie jirani kwamba damu yako imepungua, na kabla hujamaliza atakutajia rangi. Kunywa rozela. Saga bitiruti. Chemsha matembele unywe maji yake. Tafuta soda nyekundu, changanya na maziwa, kunywa asubuhi na jioni. Atakuelekeza hadi kibanda cha kununulia. Jambo ambalo hatakuuliza ni hili: ulipopimwa, damu ilikuwa ngapi, na imepunguzwa na nini?

Imani hii haichagui tabaka. Aliyesoma na asiyesoma, wa Masaki na wa Mbagala, wote wakienda wodini kumwona mzazi hubeba chupa ya wekundu. Hata sisi tunaojua kidogo, tukibanwa, husema: "Mwache anywe, isiposaidia haina madhara." Makala haya nayaandika kwa sababu ya sentensi hiyo. Madhara yapo. Nimeyaona kwa macho yangu, na mkono wangu ulikuwemo.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mdogo, alikuwa na mimba ya kwanza. Hudhurio la kwanza kliniki alitobolewa kidole, muuguzi akaandika kiwango cha damu kwenye kadi: 10.4. Akapewa vidonge vya kuongeza damu na kuelezwa namna ya kuvitumia. Nyumbani tukakaa kikao chetu. Mama akasema rozela, shangazi akasema bitiruti, mimi nikajitolea kuwa mnunuzi. Kila Jumamosi nilikuwa sokoni nikipimiwa maua makavu kwa kopo. Tuliyachemsha kwenye sufuria kubwa pamoja na tangawizi, tukachuja, tukatia sukari vikombe viwili, tukajaza chupa na kuzipanga kwenye friji. Ukiinua chupa moja dirishani, mwanga ukapita ndani yake, unaona kabisa kwamba hii ni damu, imebaki kumezwa tu. Mtu mwenye hofu hutulizwa na rangi ile. Sisi tulitulia miezi minne.

Wiki ya 32, kadi ikaandikwa 8.1.

Muuguzi akamuuliza, "Mama, vidonge unakunywa?" Wifi akainama. Jioni ile aliniita chumbani, akatoa chini ya nguo kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na vidonge vyote alivyopewa, vingi bado kwenye vifuko vyake vya kliniki. "Wifi, vilikuwa vinanitapisha," akasema. "Na choo kikawa cheusi, nikaogopa. Halafu dada mmoja pale kliniki akaniambia vinamkuza mtoto tumboni, mwisho unapasuliwa. Nikaona kwa kuwa rozela nakunywa kila siku, damu itaongezeka tu."

Kwa kuwa rozela nakunywa. Juisi yetu haikumtia sumu. Ilimpa sababu ya kuviweka vidonge ndani ya kopo, na sisi ikatupa sababu ya kutouliza. Ndivyo imani hii inavyodhuru: inakaa kwenye kiti cha tiba, na tiba ikifika inakuta kiti kimekaliwa.

Sasa tuitazame damu yenyewe. Chembe nyekundu moja huishi takriban siku 120, kisha huvunjwa. Kwa hiyo uboho, ule ulio ndani ya mifupa, haupumziki. Hutengeneza chembe mpya zaidi ya milioni 2 kila sekunde, umelala au u macho. Malighafi yake kubwa ni madini ya chuma, kwa sababu chuma ndicho kinachoshika hewa ya oksijeni ndani ya himoglobini, na himoglobini ndiyo inayoipa damu wekundu wake. Wekundu huja mwishoni, kazi ikishakamilika. Anayekunywa rangi ili apate damu anafanana na mtu anayelipaka embe bichi rangi ya njano, kisha akakaa kungoja liive.

Wekundu wa bitiruti unatokana na rangi za mmea ziitwazo betalaini. Wa rozela ni anthosianini. Katika rangi hizo hamna chuma. Nyingine huvunjwavunjwa tumboni, nyingine hutoka na mkojo, ndiyo maana baadhi ya watu wakila bitiruti huona mkojo mwekundu. Nimemsikia mtu akifurahia jambo hilo, akidai damu imejaa mpaka inamwagika. Kwa mkazi wa Kanda ya Ziwa, au wa Unguja na Pemba, mkojo mwekundu unaweza kuwa kichocho, na kichocho ni miongoni mwa maradhi yanayomaliza damu. Mtu huyo anashangilia dalili.

Tuje kwenye hesabu. Kidonge kimoja cha kawaida cha kliniki kina takriban miligramu 60 za chuma. Gramu 100 za bitiruti hazifikishi hata miligramu 1. Ili bitiruti ifikie chuma cha kidonge kimoja, mjamzito angelazimika kula zaidi ya kilo 6 kwa siku, kila siku. Rozela kavu ina chuma kiasi, lakini glasi moja hutokana na kiganja kidogo cha maua, na polifenoli zilizomo ndani yake zinaweza kuzuia chuma kisifyonzwe vizuri. Soda nyekundu ni sukari, maji na rangi ya kiwandani. Hiyo haina utetezi.

Haki nayo itendeke. Bitiruti ina foleti, na mwili unaihitaji foleti katika kutengeneza damu. Rozela haina kosa ikiwa kinywaji cha kuburudisha. Simkatazi mtu kunywa anachopenda. Ninachokataa ni kukipachika jina la dawa kwa sababu kimefanana na kile kinachotafutwa.

Najua swali linalofuata: mbona nyama nyekundu inaongeza damu? Ni kweli, nyama, maini na bandama husaidia, na chembe ya ukweli ya imani hii imetoka hapo. Wekundu wa nyama unatokana na chuma chenyewe, kilichofungwa ndani ya protini za mnyama, tena katika umbo ambalo utumbo wetu hulipokea kwa urahisi kuliko chuma cha mimea. Wekundu wa bitiruti ni rangi ya mmea. Macho hayawezi kuzitofautisha rangi hizi mbili, lakini utumbo unazitofautisha. Na chuma hakivai sare: kimo kwenye dagaa wanaong'aa kama fedha, kwenye mchicha wa kijani, kwenye choroko, na kwenye maharage meupe kama kilivyo kwenye mekundu. Aliyefundishwa kutafuta rangi atalipita fungu la dagaa asigeuke, akaenda kununua juisi.

Tena imani hii inatufumba macho tusimwone mwizi aliye mezani. Kinywaji chenye wekundu kinachonywewa zaidi majumbani mwetu ni chai ya rangi. Tunainywa na maandazi asubuhi, tunainywa na wali na maharage usiku. Tanini za chai hukamata chuma cha mboga na maharage tumboni, kisha kikatoka bila kutumika. Chai ikinywewa pamoja na chakula inaweza kupunguza ufyonzwaji wa chuma hicho kwa nusu na zaidi. Kahawa ni vivyo hivyo. Mjamzito anayeshushia kidonge chake kwa chai amekitupa nusu, ingawa amekimeza. Isogeze chai mbali na chakula, saa moja au mbili, na badala yake kamulia limau kwenye maharage, au kula chungwa, pera au embe baada ya mlo. Vitamini C hukisaidia chuma cha mimea kupita. Limau moja juu ya sahani ya mchicha na dagaa lina kazi kubwa kuliko chupa tatu zilizokuwa kwenye friji yetu.

Hata hivyo, chakula nacho hakijibu swali la kwanza: damu inakwenda wapi? Mwili ni mbahili wa chuma. Chembe ya zamani ikivunjwa, chuma chake hurudishwa kazini. Damu ikipungua sana, mara nyingi kuna mahali inapovuja, au inapoharibiwa, au mahitaji yamepanda kama ilivyo katika ujauzito. Lugha yetu yenyewe inalijua jambo hili. Wazee waliita upungufu huu safura, na jina hilohilo wakampa mnyoo anayeuleta. Mnyoo wa safura huingia kupitia ngozi ya nyayo za asiyevaa viatu, hujibandika kwenye ukuta wa utumbo na kunyonya. Malaria huvunja chembe nyekundu. Hedhi nzito humwaga kila mwezi. Selimundu hufupisha maisha ya chembe, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nayo. Kila kimoja kati ya visababishi hivi kina tiba yake, na hakuna tiba hata moja inayofanya kazi kwa sababu ya wekundu wake. Anayejaza maji kwenye pipa lililotoboka bila kutafuta tundu atachoka yeye, na pipa litabaki vilevile.

Wala chuma chenyewe si kitu cha kugawa kama pipi. Utafiti mkubwa uliofanywa kisiwani Pemba, uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la The Lancet, uliwapa watoto wadogo wa eneo lenye malaria nyingi chuma na asidi ya foliki bila kuchagua nani ana upungufu. Waliopewa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kulazwa au kufa kuliko wasiopewa. Kwa upande mwingine, watoto waliofuatiliwa kwa karibu, wakatibiwa malaria, na ambao kweli walipungukiwa chuma, walinufaika. Kisiwa chetu wenyewe kiliufundisha ulimwengu kwamba kabla ya kuongeza, pima. Inaniuma kuona somo hilo likisomwa mbali, huku kwetu tukiendelea kuulizana ni maua gani yana rangi kali zaidi.

"Lakini jirani yangu alikunywa, damu ikapanda." Simbishii. Muulize alifanya nini kingine. Utakuta alimeza vidonge, alipewa dawa ya minyoo, alipewa dawa za kujikinga na malaria, alilala ndani ya chandarua. Pengine pia alipimwa katikati ya mimba, wakati maji ya damu yameongezeka na kuizimua damu yote, kisha akapimwa tena mwishoni, wakati kipimo huelekea kupanda kidogo chenyewe. Kazi ilifanywa na wengi, sifa ikapewa chupa kwa kuwa ndiyo iliyoonekana.

Kitu kinachonikasirisha kuliko vyote ni muda. Aliyeanza vidonge leo hataona kipimo kikipanda kesho. Dalili za kupanda huhitaji wiki mbili hadi nne, na kuijaza akiba ya mwili huchukua miezi. Mimba ina wiki 40, wala haiahirishwi. Kila mwezi unaopotea kwenye juisi ni mwezi uliotolewa kwenye maandalizi ya siku ya kujifungua, siku ambayo hata mwanamke mzima wa afya hupoteza damu. Mwenye 11 au 12 anaweza kumwaga kiasi fulani akasimama. Mwenye 7 akimwaga kiasi hichohicho, madaktari wanakimbilia benki ya damu, na benki ya damu haijai kila siku. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba wajawazito 57 kati ya kila 100 nchini Tanzania walikuwa na upungufu wa damu, na watoto wenye umri chini ya miaka mitano 58 kati ya 100. Hao ni zaidi ya nusu. Katika nchi yenye takwimu kama hizo, ushauri wa rangi ni uzembe wetu sote.

Kuna na hili la uchovu. Mwanamke akisema anachoka, anaambiwa kimoja kati ya mawili: "Umechoka tu, lala," au "Damu hiyo, kunywa rozela." Yote mawili yanamnyima kipimo. Aliyepungukiwa chuma anaweza kulala kwa muda wa saa tisa akaamka amechoka, kwa kuwa misuli na ubongo wake havipati oksijeni ya kutosha. Wapo pia ambao miguu yao huwawashawasha na kuwataka kuichezesha usiku wanapolala, hasa wajawazito, na upungufu wa chuma ni moja ya visababishi vinavyojulikana. Yeye anahangaika kitandani, nasi tunamwambia ajitahidi kulala mapema. Na kinyume chake kipo: mama anayelala kwa muda wa saa nne tu usiku, anaamka alfajiri kukanda unga wa maandazi, naye hushauriwa juisi ya damu, ilhali damu yake ikipimwa iko sawa na anachokihitaji ni usingizi wa saa saba. Mmoja ananyimwa chuma, mwingine ananyimwa usingizi, na wote wawili wanapewa chupa ileile.

Basi tufanye nini? Kwanza, tupime. Kutobolewa kidole ni kwa dakika chache, na majibu ni namba. Mjamzito anatakiwa awe na gramu 11 au zaidi kwa desilita, mwanamke asiye na mimba 12 au zaidi. Chini ya 7 ni hatari ya haraka. Ijue namba yako kama unavyoijua namba ya simu yako.

Pili, tuviheshimu vidonge kwa kusema ukweli kuvihusu. Vinaweza kuleta kichefuchefu, kukufunga choo, na vitakifanya choo kiwe cheusi. Weusi huo ni chuma kilichobaki, usikutishe. Ukisumbuliwa na kichefuchefu, meza kidonge usiku baada ya kula kidogo, kisha ulale. Kimeze kwa maji au juisi ya machungwa, usikimeze kwa chai wala maziwa. Kikikushinda kabisa, rudi ukaseme, ubadilishiwe, usikifiche. Vidonge havimkuzi mtoto hadi mama apasuliwe. Vinamsaidia azaliwe na uzito unaostahili. Viweke mbali na watoto, kwa maana kwa mtoto mdogo vidonge vingi vya chuma ni sumu.

Tatu, wahudumu wetu wa afya, nawasihi: msiishie kusema "kula mboga za majani na matunda." Sentensi hiyo ndiyo inayoacha mlango wazi, rozela ikaingia. Tajeni dagaa. Tajeni limau. Tajeni saa ya kunywa chai. Maini mara moja kwa wiki, yasizidi kwa mjamzito kwa sababu ya wingi wa vitamini A. Na muulizeni mama, kwa upole, vidonge vya mwezi uliopita viko wapi. Wifi yangu angesema siku ya kwanza kama angeulizwa hivyo, kwa sauti isiyo ya kufoka.

Nne, sisi ndugu. Ukienda kumwona mjamzito, beba fungu la dagaa na malimau. Kaa naye. Muulize vidonge vinamfanyaje tumboni. Swali hilo ni zawadi bora kuliko chupa.

Wifi alianza upya usiku uleule alionionyesha kopo, kidonge baada ya chakula, taa ikazimwa. Akatibiwa pia minyoo, aliyokutwa nayo alipopimwa choo. Aliingia leba akiwa na 9.8. Hakuwa ametimiza 11, lakini hakuwa na 8 tena. Alivuja damu zaidi ya ilivyotarajiwa, lakini hakuhitaji kuongezewa. Usiku ule nilikaa kwenye benchi la nje nikiuhesabu mwezi mmoja mmoja tulioutumia kuchuja maua.

Nyumbani bado tunachemsha rozela, tunainywa baridi mchana wa joto. Jina lake ni juisi. Na mama yangu, ambaye ndiye aliyeitaja kwanza katika kikao chetu, sasa akitembelewa na binti yeyote wa mtaa mwenye mimba, akishaitikia shikamoo yake humshika mkono, akakigeuza kiganja na kuutazama weupe wake, kisha humuuliza: "Mwanangu, mara ya mwisho ilikuwa ngapi?"